Pambizo Zilizokatwa

Viti vya chumba cha kusomea cha Asia Kusini vilikuwa na tabia moja mbaya: ukivivuta, vinapiga kelele hadi ghorofa ya chini. Ndiyo maana Mkutubi alivibeba. Alivitoa ukutani kimoja kimoja, akavipanga safu safu mbele ya meza ya msemaji, akarudi, akabeba tena, na kila alipoinama mgongo ulimkumbusha kwamba usichana aliuaga zamani. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa. Kwanza walikuja wanafunzi wa mwaka wa kwanza kufundishwa namna ya kutafuta vitabu vya Kiurdu kwenye kompyuta, wakaondoka wakiwa wameijua vizuri njia ya kwenda kwenye mashine ya kahawa. Kisha ile mashine ya kusomea magazeti ya zamani ikatoa moshi. Kisha akapiga simu yule mtu wa filamu ya Kitamil, ambayo ingeoneshwa katikati ya wiki, akauliza kama ukumbi una pazia jeusi, akajibiwa, akapiga tena kuuliza jambo lile lile. Sasa ilikuwa alasiri, mhadhara wa kumbukumbu ulikuwa unakaribia, na mwanamke wa watu alitamani kitu kimoja tu: mtu amwambie, nenda nyumbani ukalale.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Hakugeuka. Ukimpenda mtu hata kikohozi chake unakijua, na huyu aliyeingia alikohoa kabla ya kusema lolote.

"Nikusaidie," akasema Mwalimu.

"Umewahi mno. Mhadhara bado."

"Najua. Nimewahi makusudi."

"Basi chagua kiti, ukae."

Hakukaa. Alisimama pale kando ya rafu za Kibengali, somo alilolifundisha chuoni hapo miaka yote, mkoba wake kifuani kana kwamba kuna mtu anataka kumpora. Alikuwa amekonda. Shati lake la rangi ya maziwa, ambalo zamani Mkutubi alimsifia mpaka akawa analivaa kila walipokutana, sasa lilimning'inia mabegani. Moyo wa Mkutubi ulishtuka kwa huruma, naye akaukemea papo hapo. Huruma ndiyo iliyomfikisha alipo.

"Mwaka mzima umenisusa," akasema Mwalimu.

"Mimi? Si wewe unayetuma wanafunzi waje kukuchukulia vitabu? Wananiambia, Mwalimu anaumwa miguu, ngazi hawezi kupanda. Mbona miguu naiona mizima?"

Mwalimu alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Niliona aibu kukutazama."

"Na leo aibu imeisha?"

"Haijaisha. Nimekuja nayo." Akaweka mkoba chini. "Nataka turudiane."

Mkutubi alitua kiti alichokuwa amekibeba, akakishika mgongo kwa mikono miwili. "Leo? Siku ya kumbukumbu ya marehemu mke wako? Kwenye chumba hiki hiki?"

"Siku nyingine hupokei simu zangu."

Hapo alikuwa na haki. Simu alikuwa hapokei.

Na chumba chenyewe, jamani, kilikuwa kimejaa mambo yao. Marehemu mke wa Mwalimu alikuwa mfasiri hodari, na wanafunzi walimwita Dokta Penseli kwa sababu hakuonekana popote bila penseli imechomekwa kwenye nywele. Aliyapenda kuliko vyote majarida ya zamani ya Kibengali yaliyoandikwa na wanawake, hadithi za majiko yao, waume zao na mashoga zao, na alipoyasoma aliandika pambizoni. Alibishana na waandishi, akawacheka, akawapa pole. Kuandika kwenye mali ya maktaba ni marufuku, lakini nani angemkataza Dokta Penseli? Alipofariki, Mwalimu akawa anakuja kila jioni kuyasoma, siyo kwa ajili ya hadithi, bali kwa ajili ya zile pambizo. Mkutubi ndiye aliyekuwa akimfungulia kabati. Mwanzoni alimletea majarida tu. Baadaye akawa anayaleta pamoja na chai, jambo lililokatazwa na tangazo aliloliandika na kulibandika ukutani yeye mwenyewe. Ikawa hivyo, wakiwa wameinamia mwandiko wa marehemu, wazima wawili wakazoeana, wakapendana, mpaka ndoa ikaanza kuzungumzwa.

Majarida yale yalikuwa yamechakaa. Karatasi zilipukutika ukizigusa, na vumbi lake lilimfanya Mkutubi apige chafya hadi macho yavimbe. Mwalimu hakupenda kuyaona macho yale yamevimba. Kwa hiyo Mkutubi aliposafiri kwenda kwenye mafunzo ya kazi, Mwalimu akafunga majarida yote kwenye maboksi, akayapeleka kwa fundi wa kujalidi, ili mpenzi wake akirudi ayakute yamevaa majalada mapya. Alitaka kumshtua kwa furaha, ndilo lililokuwa lengo lake.

Ila kila kazi ina miiko yake. Fundi wa kujalidi, kabla ya kuvisha jalada, huziweka karatasi kwenye mashine na kuzikata kingo ili zilingane. Ndiyo kazi yake, na fundi huyu aliifanya vizuri. Kitu chenye maandishi ya pambizoni hupelekwa kikiwa kimechomekwa kikaratasi chekundu kinachosema usikate, na Mkutubi alivichomeka vikaratasi hivyo hata akiwa amesinzia. Mwalimu, pamoja na usomi wake wote, hakujua kama kuna kikaratasi chekundu duniani. Mkutubi aliporudi safari alikuta juzuu za kijani zimepangwa mezani, zinapendeza, herufi za dhahabu mgongoni, na Mwalimu amesimama pembeni anachekelea. Akafungua ya kwanza. Maneno ya Dokta Penseli yalikuwa yamebaki vichwa bila miili, herufi mbili hapa, tatu pale, zilizosalia zimeishia ukingoni. Hakulia. Alimtazama Mwalimu, akaona tabasamu linavyomtoka usoni polepole kadiri alivyoelewa.

Hata hilo lingesameheka. Lisilosameheka lilitokea siku ya kumbukumbu iliyofuata, alipokuja Bi Mkubwa, mama mzazi wa marehemu. Alitaka asomewe ukurasa wake. Kulikuwa na ukurasa ambao binti yake alikuwa ameandika pambizoni, "Hapa mama angecheka," na kila akija lazima asomewe maneno hayo kisha acheke kweli. Juzuu ikafunguliwa. Yalikuwa yamebaki maneno mawili na herufi tatu. Bi Mkubwa akauliza nani amefanya hivi. Chumba kikanyamaza. Mkutubi akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama viatu vyake, na kunyamaza huko kukarefuka mpaka Mkutubi, kwa mapenzi yake ya kijinga, akasema, "Ni huku maktaba, mama. Tusamehe." Bi Mkubwa akamwambia mbele ya watu wote: "Umemwua mwanangu mara ya pili." Na Mwalimu hakufungua kinywa.

Ndiyo maana leo, mwaka umepita, wawili hawa wamesimama katikati ya viti wakitazamana kwa mbali.

"Nitamwambia leo," akasema Mwalimu. "Nitasema ukweli mbele yake. Nakuapia."

"Usiape, bwana. Ulishaapa. Ukasema nitamwambia akipoa, nikasubiri. Ukasema nitamwambia akipona presha, nikasubiri, nikakonda mpaka nguo zangu nikampa mdogo wangu wa kazini. Leo ukisema, sema kwa ajili ya nafsi yako. Mimi kusubiri nimeacha, kama watu wanavyoacha sigara."

"Nilifanya yote yale kwa ajili yako. Majarida, majalada..."

"Hapana, hapana." Mkutubi akainua kiganja. "Hilo usinibebeshe. Nimebeba vya kutosha."

Mwalimu akapunguza sauti. "Hunipendi tena?"

Angeweza kumdanganya, ingekuwa rahisi. "Nakupenda," akasema. "Ila nimechoka kuliko ninavyokupenda. Sasa sogea, nataka kuweka kiti hapo."

Watu walianza kuingia. Walikuja walimu wa idara, wanafunzi wa lugha ya Kihindi waliopewa alama kwa kuhudhuria, na wastaafu wachache ambao hawakosi mhadhara wowote wenye chai. Mwisho akaingia Bi Mkubwa, mkongojo mkononi, mtandio wa sufu mabegani, taratibu lakini wima. Mkutubi akamfuata mlangoni. Adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," likatoka kupitia menoni. "Nani atanionesha kiti?"

"Nitakuonesha mimi. Nimekuwekea cha mbele, kina mto."

"Nitakaa nyuma."

"Nyuma hutasikia vizuri, mama."

"Sauti ya mkwe wangu naijua. Nitaisikia hata nikiwa nje."

Akapita, akawaamkia wote waliokuwa safu ya nyuma mmoja mmoja, akauliza hali za watoto wao, mpaka mwanafunzi asiyemjua akapata baraka zake. Mkutubi akauchukua mto, akaupeleka nyuma, akauweka kitini bila neno, na Bi Mkubwa akaukalia bila neno. Kisha Mkutubi akaenda kusimama kwenye kompyuta ya kuoneshea picha. Miguu ilikuwa inamwaka moto ndani ya viatu, na alijihesabia kuwa hadi viti virudi ukutani bado ni safari ndefu.

Mwalimu akaanza vizuri. Akaeleza majarida yale yalivyoanzishwa na wanawake waliokuwa wakiandika mchana waume wakiwa kazini, na jinsi marehemu alivyoamua kuyafasiri ili hata asiyejua Kibengali apate kucheka nao. Watu wakacheka pale pa kucheka. Akasoma kidogo tafsiri, mke mmoja wa kwenye hadithi anamficha mumewe kitabu kwenye pipa la mchele, na mume anakipata siku wanayopungukiwa. Mkutubi akabonyeza kitufe kuleta picha inayofuata.

Ulikuwa ukurasa wa Bi Mkubwa. Mwalimu ndiye aliyeipanga picha hiyo, yeye mwenyewe, bila kumwambia mtu. Ukurasa ukajaa ukuta mzima, na ukingoni, kwa penseli, maandishi makubwa kama ishara ya barabarani: *Hapa mama ang*

Mwalimu akaweka karatasi zake chini.

"Kuna jambo sijalisema," akaanza, akakohoa. "Nililisema moyoni kila siku, mdomoni halikutoka. Mwaka jana mliambiwa kwamba maktaba iliharibu maandishi ya mke wangu. Siyo maktaba. Ni mimi. Nilifunga majarida mwenyewe, nikayapeleka kwa fundi mwenyewe, nikamwambia ayatengeneze yapendeze. Mkutubi wetu hata mjini hakuwepo. Aliporudi alikuta yameshakatwa. Kisha akakubali kulaumiwa kwa niaba yangu, nami nikakaa hapo hapo alipo mzee yule mwenye miwani, nikatazama viatu vyangu." Mzee mwenye miwani akajitazama viatu bila kujijua. "Mama, ni mimi niliyemkata mwanao. Nisamehe. Nawe pia," akasema akigeukia kwenye kompyuta, "nisamehe."

Hakuna aliyejua aweke wapi macho yake. Mkuu wa idara akafungua chupa ya maji, akaifunga. Nyuma kabisa kiti kikalia kwa kelele zile zile mbaya: Bi Mkubwa alikuwa amesimama. Akatoka, mkongojo ukigonga sakafu, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mwalimu akamtazama Mkutubi. Yalikuwa macho ya mtoto aliyemaliza kuosha vyombo na sasa anangoja kusifiwa. Mkutubi alijitafuta ndani, akitazamia furaha ambayo aliingoja mwaka mzima. Hakuikuta. Alikuta uchovu, na chini ya uchovu hasira, na chini ya hasira kitu kingine asichotaka kukiangalia mbele za watu. Akageuza uso. Ndipo akaona mtandio wa sufu umesahaulika juu ya kiti cha nyuma. Akauchukua, akatoka.

Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake, kwa hiyo hakupata taabu kumfikia. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, kwenye kona inapogeukia ghorofa ya pili, mkongojo magotini. Kutokea juu alionekana mdogo.

"Mama, mtandio wako."

"Weka hapo, uende."

"Ngazi ina baridi. Utaumwa kiuno."

"Kiuno ni changu." Kisha akasogea. "Kaa."

Mkutubi akakaa. Akavua viatu, kwa sababu hakuweza tena, na vidole vyake vikatanuka kwa raha mpaka akafumba macho.

"Vimekubana?" akauliza Bi Mkubwa.

"Tangu asubuhi."

"Ungevaa ndala. Nani angekutazama miguu kwenye vitabu?" Akaugusa mtandio, akauacha. "Nilijua."

"Viatu?"

"Siyo viatu. Kwamba ni yeye. Nilijua tangu siku ile ile."

Mkutubi alidhani amesikia vibaya. Akamgeukia. Bi Mkubwa alikuwa anatazama ukuta.

"Mkwe wangu hajui kudanganya," akaendelea. "Nilipouliza nani amefanya hivi, wewe ulinitazama machoni, yeye akakagua viatu kama anataka kuvinunua. Mimi nimezaa, nimelea, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi. Nikuulize wewe, nilihitaji nini zaidi?"

"Na ukaniambia nimemwua mwanao."

"Nikakuambia."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Kila neno nalikumbuka."

"Kwa nini, mama?" Sauti yake ilipanda, ikagonga kuta, ikarudi. "Nilikukosea nini?"

Bi Mkubwa akavuta pumzi, akaishusha. "Nilizaa mmoja tu, akafa. Anayenipigia simu kila nikiamka kuuliza nimelalaje ni mkwe. Anayenipeleka hospitali ni mkwe. Sasa niambie, mkwe kwa nani? Binti hayupo. Siku akioa, mke wake mpya atakuja na mama yake, na huyo ndiye atakuwa mama mkwe wa haki. Mimi nitakuwa nani? Ajuza fulani anayetumiwa salamu. Nilipoona una mapenzi naye ya kweli, nikaogopa. Nilipopata njia ya kukuondoa, nikaitumia. Ningemlaumu yeye, ningebaki na nani?"

Ukweli huo ulimwingia Mkutubi taratibu, na ulipofika chini machozi yakatoka bila kuombwa.

"Mwaka mzima," akasema. "Kila nikipita kwenye kabati lile nageuza uso. Kazini kikija kitu cha zamani wanampa mwenzangu, mimi hawaniachii nikiguse. Wanasema kwa upole, pumzika, tutafanya sisi. Kumbe ninyi wawili mnajua. Mnakaa mnakunywa chai, yeye anajua, wewe unajua, na mimi huku nalala na dhambi isiyo yangu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Huna hata neno la kujitetea?"

"Sina, mwanangu. Ningekuwa nalo ningelisema." Mkono wake mkavu ukauacha mkongojo. "Nisamehe."

"Leo siwezi."

"Siyo lazima iwe leo."

Juu vikasikika vikombe. Chai ilikuwa imeshaanza bila wao, na wastaafu walikuwa kazini. Bi Mkubwa akauchukua mtandio, akaufungua, akajifunika bega moja, na upande wa pili akaurusha kwenye mabega ya Mkutubi kwa ukali, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki nikiwa shule. Baba naye akamfuata. Nina kaka tu."

"Kaka anasemaje kuhusu mkwe wangu?"

Mkutubi akacheka kidogo ndani ya machozi. "Ameapa. Anasema mwanamume aliyeniachia mzigo wake, akija na posa ataipokea mbwa getini."

"Ana haki."

"Anayo. Mbwa mwenyewe mkali."

"Na wewe bado unamtaka?"

"Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Laiti ningekuwa simtaki, ningekuwa nimelala mwaka mzima."

Bi Mkubwa akamgeukia. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, yale macho yaliyovimba, pua nyekundu, nywele zilizofumuka kwa kubeba viti, akamtazama kama mtu anayesoma. Mkutubi hakuinamisha kichwa. Alikuwa amechoka hata kuona haya.

Nyayo zikashuka mbio kutoka juu, zikasita, zikasimama. Mwalimu alikuwa ngazi chache juu yao, jasho limemtoka, shati nje.

"Mama," akasema. Akamgeukia Mkutubi. "Nimesema. Umesikia? Nimesema mbele ya wote."

"Nimesikia," akajibu Mkutubi.

"Basi?"

"Basi nini?"

"Sasa hakuna kitu katikati yetu. Mama anajua, watu wanajua." Maneno yalimtoka kwa kugongana. "Nioe. Yaani, nikuoe. Tuoane. Kesho kama unataka."

Pale pale Mkutubi aligundua hasira yake imekaa wapi. "Unakumbuka ulivyoninyamazia? Ulitumia mwaka. Halafu ukaongea kidogo tu, na hapo hapo unataka nikushangilie na harusi juu. Mimi siyo kitabu ulichochelewesha, ukikirudisha mambo yanaisha."

Mwalimu akakaa pale aliposimama. Alijishika kichwa. "Sijui nifanye nini zaidi," akasema, na hapo alisema kweli, kwa sababu uso wake ulionekana wa mtu aliyepotea kabisa. "Niambie chochote. Nitafanya. Hata ukisema niondoke."

Mkutubi alitaka kumwambia aondoke. Neno lilifika kwenye ulimi. Akamwona alivyokonda, akaona kola iliyofuliwa vibaya na mwanamume anayejifulia, na neno akaliacha. Alimpenda. Mungu amsaidie, alimpenda vile vile, na hakuwa na nguvu za kumfukuza wala za kumpokea. Kichwa chake kikaegemea chenyewe kwenye bega lililokuwa karibu, na bega lenyewe lilikuwa la Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa hakulisogeza. Aligonga mkongojo kwenye ngazi.

"Wewe," akamwambia Mwalimu. "Huyu unamwomba kwa nani?"

Mwalimu akainua kichwa. "Kwa mwenyewe, mama."

"Mwenyewe amechoka, humwoni? Na kwa kaka yake kuna mbwa. Sasa utafanya hivi. Utakuja nyumbani kwangu. Utabisha hodi kama mgeni, siyo kuingia kwa mlango wa jikoni ulivyozoea. Utakaa kiti cha wageni, useme shida iliyokuleta. Kabla ya posa yako tutataka kusikia ulivyomkosea mwanangu, mwanzo hadi mwisho, na mimi mwenyewe nitakuwa na yangu ya kusema juu yangu. Na jibu hutapewa siku hiyo."

"Mwanao... marehemu?"

"Huyu," akasema Bi Mkubwa, na mkono wake ukamshika Mkutubi mkono. Halafu sauti ikashuka, ikawa ya mtu asiyejua atapokelewaje. "Kama utakubali. Nimekutendea vibaya, na ukikataa, sitalalamika kwa mtu. Lakini mama huna, na mimi binti sina. Akija kuomba, ataomba kwangu. Na nikimwona hakufai nitamrudisha, wallahi, pamoja na kumpenda kwangu kote."

Mtandio ulikuwa na joto. Mkutubi alijaribu kutafuta sababu ya kusema hapana, akazipata nyingi, zote nzuri, na hakuwa na nguvu ya kunyanyua hata moja.

"Asije Jumamosi hii," akasema mwishowe, amefumba macho. "Jumamosi hii nalala."

"Umesikia," akasema Bi Mkubwa. "Jumamosi ijayo. Uje na wazee wako."

Mwalimu alisimama akikodoa macho, akimtazama huyu na yule. "Lakini mama, wazee wangu ni wewe."

"Tafuta wengine. Mimi niko upande wa bibi harusi."